Hotuba ya Mwenyekiti: Mchezo wa Sitini na Moja Katika Kikundi Chetu



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo, tukiwa tumetimiza miaka 10 tangu kikundi chetu kianze mwaka 2015. Wapo wenzetu waliotutangulia mbele ya haki kabla ya siku hii, na tunawakumbuka.

Mambo ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii mtayakuta kwenye taarifa ya mtunza hazina, humu humu kwenye kijitabu. Hatutayarudia, maana mtunza hazina wetu hapendi kusemewa hesabu zake. Sisi tumeombwa tuzungumzie jambo moja tu, lile ambalo kila mgeni anayetutembelea huuliza. Anaona tunahesabu fedha, tunaandika kwenye vitabu vya hisa, tunafunga sanduku kwa kufuli tatu, wenye funguo tatu wanaweka funguo zao. Halafu anaona mikeka inatandikwa, akina mama watu wazima wanakaa wanne wanne na karata mkononi. Anashangaa. Anauliza, hivi hiki ni kikundi cha akiba au ni kijiwe?

Tumeona tulijibu swali hilo leo mbele ya watu wote, bila kuficha.

KARATA ZILIVYOTUFIKIA

Mnakumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri ile ardhi ya Kagera ilitetemeka. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, nyumba nyingi zilianguka, na shule zetu kubwa za Ihungo na Nyakato zikabomoka kiasi cha kufungwa. Kikundi chetu kilikuwa na mwaka mmoja tu. Wengi wetu hatukulala ndani siku zile kwa sababu ardhi ilikuwa bado inajirudiarudia. Tulilala nje, kwenye migomba, na watoto.

Alikuwepo mwenzetu mmoja aliyewahi kukaa Unguja miaka mingi kwa ajili ya ndoa. Baada ya mume kufariki alirudi nyumbani Muleba, naye alirudi na pakiti moja ya karata. Usiku mmoja, tukiwa tumekaa nje hakuna mwenye usingizi, alizitoa akasema, njooni niwafundishe mchezo wa huko, kuliko kukaa tunasikilizia ardhi. Ndivyo tulivyoanza. Tangu siku ile tulimwita Mwalimu, ingawa ubao na chaki hakuwahi kushika.

Karata zenyewe hazikuwa ngeni kwetu. Vijana wa huku hucheza lastikadi, na walio karibu na Mutukula hucheza matatu kama Waganda. Lakini hiyo ni michezo ya kila mtu na lake. Unashika karata zako, unamtwisha mwenzako za kuokota, na wa kwanza kumaliza ndiye bingwa. Mwalimu alitufundisha mchezo mwingine kabisa, wa kucheza wawili kwa wawili. Pwani wanauita wahedi wa sitini, maana yake kwa Kiarabu ni sitini na moja. Sisi tuliona tuuite hivyo hivyo kwa Kiswahili, Sitini na Moja.

Mwalimu alipenda kutueleza pia asili ya majina. Neno karata lenyewe ni la Wareno, wale waliotawala pwani yetu na kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia mwaka 1593 mpaka wakaipoteza mwaka 1698. Wareno walifukuzwa, karata zikabaki. Kopa, ile ya moyo mwekundu, ni neno lao. Uru, ile nyekundu yenye pembe nne, ni lao, kwao maana yake dhahabu. Shupaza, ile nyeusi yenye ncha, ni upanga. Na pau, ile nyeusi ya majani matatu ambayo wengi wetu tuliita maua, kwao ni rungu. Hata neno turufu tulilolizoea sana ni lao. Mtoto wa mwanachama mmoja aliposikia hayo alisema, kumbe bibi zetu wanaongea Kireno! Tulicheka sana.

MCHEZO WENYEWE

Kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kukaa mkekani na sisi, tueleze kidogo. Kila mahali wana sheria zao, na hizi ndizo zetu.

Pakiti ina karata 52. Tunaondoa nane zote, tisa zote na kumi zote. Zinabaki 40. Wanakaa watu wanne, na mwenzi wako hakai pembeni yako, anakaa mbele yako, mnatazamana. Walio kulia na kushoto kwako ni wapinzani. Karata zinachanganywa, mmoja anakata, zinagawiwa, kila mtu anapata kumi. Karata ya mwisho ya mgawaji inafunuliwa watu wote waione. Aina yake ndiyo turufu ya mchezo huo, na turufu inaipiga aina nyingine yoyote.

Anayeanza anaweka karata moja. Wengine wanafuata, na ukiwa na aina ile ile lazima uitoe, huna ruhusa ya kuificha. Usipokuwa nayo ndipo unaweza kupiga turufu au kutupa karata nyingine. Karata nne zikishakaa chini, aliyeweka kubwa anakula fungu, analiweka upande wake na wa mwenzi wake, na yeye ndiye anayeanza fungu linalofuata. Mafungu ni kumi basi, mchezo umekwisha.

Sasa thamani. Ree, ile yenye herufi A, ndiyo kubwa, ina pointi 11. Inayofuata siyo K, inayofuata ni saba, ina pointi 10. Hapo ndipo wengi hushangaa, hasa waliozoea matatu ambako saba kazi yake ni kukata mchezo. Baada ya saba ni K yenye pointi 4, halafu J pointi 3, halafu Q pointi 2. Sita, tano, nne, tatu na mbili hazina pointi yoyote. Hizo ndizo magarasa.

Ukijumlisha, kila aina ina pointi 30, na aina ziko nne, jumla 120. Nusu yake ni 60. Ukipata 60 na mpinzani akapata 60, hakuna aliyeshinda, karata zinachanganywa upya. Lazima upate 61. Ndiyo maana mchezo ukaitwa hivyo. Ile moja ya juu ndiyo ushindi.

Na sheria ya mwisho, ambayo ni ngumu kuliko zote kwa wanawake wa Kihaya na wanaume wao pia: wakati wa kucheza hakuna kumwambia mwenzi wako kitu. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna kugusa skafu, hakuna kusema Kihaya cha mafumbo. Unamweleza kwa karata unayoiweka chini, na yeye anakuelewa kwa kuiangalia.

TULIVYOJIFUNZA

Kwanza tuliona kwamba mtu mpya ana tabia moja. Akishika ree ana haraka ya kula. Anaitupa tu, anakusanya magarasa matatu, anafurahi amekula fungu. Fungu lina pointi 11 zake mwenyewe alizoingia nazo. Hakuongeza kitu. Mwalimu alikuwa anamwuliza, mama, umepeleka mbuzi sokoni ukarudi na mbuzi yule yule, umeuza nini?

Jambo la pili ni kumlisha mwenzi. Tuseme turufu ni kopa. Mwenzi wako anaanza kwa ree ya uru. Mpinzani anatoa tatu ya uru. Wewe una nne ya uru na K ya uru. Mtu mpya anatoa nne, kwa sababu K anaionea huruma. Lakini mwenzi wako ndiye anayekula fungu hilo! Mpe K. Mpinzani wa mwisho akilazimika kutoa Q, fungu linakuwa na 11 na 4 na 2, jumla 17. Ile K ungeibakiza mkononi mwako labda ingekuja kuliwa na adui. Kwenye fungu la mwenzio iko salama, na inahesabiwa yenu wote wawili.

Hapo ndipo palipotuchukua muda mrefu zaidi. Mtu aliyeishi kwa kubanabana, mwenye kibanja kidogo na watoto wengi, mkono wake haufunguki haraka kutoa kitu kizuri kiende kwenye rundo la mwingine. Akili yake inamwambia ameibiwa. Inabidi acheze mara nyingi ndipo aone kwamba rundo lile ni lake pia.

Jambo la tatu ni kutolisha adui. Ukiona mpinzani ameshapiga turufu na huna ya kumzidi, mpe garasa, tena dogo kabisa. Kwa hiyo garasa nalo lina kazi. Tunao wenzetu ambao wakigawiwa magarasa matupu wananuna, wanasema leo mkono wangu mbaya. Lakini mtu mwenye magarasa anayejua kuyatoa kwa wakati wake amewashindia wenzi wengi. Kazi yake ni kuwanyima wapinzani.

Jambo la nne ni kukumbuka. Turufu ziko kumi tu. Kama umeona saba zimeshatoka na wewe umeshika mbili, basi imebaki moja, na lazima ujue iko kwa nani. Tunao wanachama ambao hawakumaliza darasa la saba, wengine kusoma kwenyewe ni kwa shida. Leo wanakaa mkekani wanakumbuka karata 40 na kujumlisha pointi kichwani kabla katibu hajashika kalamu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdanganya kwenye riba ya mkopo wake. Zamani alikuwa anasema, andika tu mwenyekiti. Siku hizi anasema, hebu nisomee tena hiyo.

Kuhesabu michezo tunatumia kahawa zetu za kutafuna. Kila mchezo ulioshinda unaweka punje moja kwenye kisahani. Mwisho wa siku punje zote zinarudi kwenye kikapu na tunazitafuna wote, aliyeshinda na aliyeshindwa.

MANENO YA WATU NA MASHARTI YETU

Jamani, msifikiri mambo haya yalipita hivi hivi. Maneno yalikuwepo. Waume wengine walisema karata ni za walevi na wavivu, mwanamke akishajua karata nyumba imekwisha. Viongozi wa dini wawili walituita wakatuuliza, na walikuwa na haki ya kutuuliza, kwa sababu wamewaona vijana waliopoteza baiskeli na mashamba kwenye kamari. Hata ndani ya kikundi wapo waliosema tuache, tusijipakazie jina baya.

Tulikaa kikao maalum mwaka 2017, kila mtu akasema lake, tukapiga kura. Waliotaka tuendelee walizidi, lakini waliokataa ndio waliotusaidia kuweka masharti. Masharti hayo yamebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku mpaka leo:

1. Karata hazitoki mpaka hesabu imefungwa, vitabu vimesainiwa na kufuli tatu zimefungwa.

2. Hakuna fedha mkekani, hata shilingi mia, hata soda. Atakayeweka dau atalipa faini na hatacheza mwaka mzima.

3. Wenzi hawachaguani. Wanapatikana kwa kura ya vikaratasi, kila siku upya.

4. Saa ya kuondoka ikifika mchezo unaachwa ulipo, hata kama mtu ameshika ree nne. Mifugo inasubiri na watoto wanasubiri.

5. Atakayempa mwenzi wake ishara, fungu hilo linakwenda kwa wapinzani.

Tuseme kweli, sharti la tatu ndilo lililoleta ubishi zaidi kuliko la fedha. Kikundi chetu kina watu wa mjini Bukoba wenye vibanda na mashine za kushonea, na kina watu wa Muleba wa kahawa, ndizi na dagaa. Siku za mwanzo tulikuwa tunakaa kimakundi. Wa mjini huku, wa Kamachumu kule, wenye uwezo pamoja, wajane pamoja. Kila mtu angeachiwa kumchagua mwenzi, tungekuwa na vikundi vinne ndani ya sanduku moja. Kura ikamkutanisha mwenye duka na mchuuzi wa dagaa, mama mkwe na mke wa mwanae, mtu wa miaka 60 na binti wa miaka 24. Wanatazamana, wana rundo moja, na hawaruhusiwi kusema.

MDHAMINI NA MDAIWA

Sasa tueleze habari moja, kwa ruhusa ya wenyewe wawili, bila kutaja majina.

Mwaka ule wa tetemeko mwenzetu mmoja alikuwa amekopa shilingi 400,000. Nyumba yake ikaanguka na fedha ikaenda kwenye kuwasitiri watoto. Deni likashindikana. Kwa katiba yetu mdhamini hukatwa kwenye hisa zake, na mdhamini wake akakatwa zote 400,000. Fedha hiyo alikuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Mdaiwa hakukimbia, lakini hakuwa na neno la kusema, na mdhamini hakuwa na neno la kusikia. Walikuwa wanakuja kikaoni, mmoja anakaa mlangoni, mwingine dirishani. Salamu zilikatika karibu mwaka mzima. Watu wakaanza kuchukua pande. Wengine walisema tuvunje sanduku tugawane, kila mtu ashike chake. Tulikaribia sana kufika hapo.

Siku moja mwishoni mwa 2017 kura ikawaweka hao wawili kuwa wenzi. Mkeka mzima ulinyamaza. Katiba ya mchezo inaruhusu mtu kuomba kura irudiwe mara moja, na sisi viongozi tulikuwa tayari kuirudia. Hakuna aliyeomba. Wakakaa wakitazamana.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa aibu. Mmoja akiweka K, mwingine anaipiga kwa turufu, yaani anamnyang'anya mwenzi wake mwenyewe. Walipata pointi 19. Mchezo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, mdaiwa alianza kwa kuweka garasa la shupaza. Mdhamini aliliangalia muda mrefu. Kumbe alikuwa ameshika ree na K za shupaza, na alielewa kwamba mwenzake hana kitu kikubwa cha aina hiyo ila anampisha aingie. Akala, akarudisha shupaza, na mwenzake ambaye shupaza zilikuwa zimemwishia akapiga turufu. Mchezo ule walishinda kwa 61 kamili. Ile moja ya juu iliwafikia kwa sababu ya Q mmoja wa pointi mbili, ambaye mdaiwa alimtupia mwenzake kwenye fungu la mwisho.

Hawakukumbatiana. Msije mkadhani hivyo. Walikusanya karata, wakaaga wengine, wakaenda. Lakini kikao kilichofuata mdaiwa alisimama akasema mbele ya wote kwamba ataanza kumrudishia mdhamini wake shilingi 20,000 kila mwezi, na katibu aandike. Alianza. Kuna miezi ilikuwa migumu, aliileta kwa sarafu. Malipo ya ishirini aliyatoa Juni 2019.

Hatusemi karata zililipa deni. Deni lililipwa na ndizi na maharage na jasho la mama yule. Tunachosema ni kwamba maneno yalikuwa yamekwisha kati yao, vikao vya usuluhishi tulikaa vitatu havikuzaa kitu, na mkeka ukawapa namna ya kuangaliana bila kusema. Hata leo hawatembeleani nyumbani. Lakini mmoja akitaka mkopo, mwingine anasaini kuwa mdhamini, na hakuna anayeuliza mara mbili. Sanduku halikuvunjwa.

KARATA YA BOKSI

Mwalimu wetu alitutoka mwaka 2021. Alituachia ile pakiti yake ya Unguja, na kikundi kinaitunza. Kuna karata moja ilipotea zamani, tatu ya shupaza, na Mwalimu alikata kipande cha boksi akachora shupaza tatu kwa kalamu. Karata hiyo kila mtu anaijua hata ikiwa imegeuzwa. Kwa hiyo tukaweka utaratibu kwamba atakayeipata anaiweka wazi mbele yake watu wote waione, ili asijue mmoja tu. Ni garasa, haina pointi hata moja, lakini kwa sababu yake watu wazima tumejifunza kusema, jamani, iko kwangu. Tumeshasikia neno hilo hilo kwenye hesabu za fedha, mtu amepewa chenji iliyozidi akarudi nayo kabla hajaulizwa.

Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa kwetu Bukoba Machi 2023, tulizifungia karata zote, maana zinapita mkono kwa mkono. Hisa zilikusanywa mmoja mmoja, kwa maji na sabuni. Hatukuzitoa mpaka Serikali ilipotangaza tarehe 2 Juni 2023 kwamba ugonjwa umekwisha. Wapo waliosema mngecheza tu kimya kimya. Lakini mchezo unaohatarisha mwenzi wako siyo mchezo wetu.

TUNAYOYAOMBA

Leo tuko wanachama 28, mikeka saba kamili. Tukielekea miaka mingine 10 tunaomba mambo matatu.

Kwa wafadhili wetu: wapo waliosema wako tayari kutoa zawadi ya fedha kwa washindi wa mashindano. Tunashukuru kwa moyo huo, lakini tunaomba fedha hiyo iende kwenye mfuko wa jamii. Siku fedha itakapokaa mkekani, mwenzi wako atageuka mtu wa kukupotezea, na yote tuliyoyasema hapa yatakwisha.

Kwa akina baba: karibuni mkae muangalie. Wachache wenu mmeshaanza kujifunza, na tumesikia nyumba mbili ambako baba na mama wanacheza jioni upande mmoja dhidi ya watoto. Hatukatai. Ila msianze kuwafundisha wake zenu, wao ndio watakaowafundisha.

Kwa wanakikundi wenzetu: wafundisheni mabinti na wakwe zenu. Msianze na turufu. Waanzisheni kwenye kutoa K kwenye fungu la mwenzio. Mtu akishaweza hilo bila mkono kutetemeka, mengine yote atayapata.

Baada ya chakula mikeka itatandikwa chini ya mwembe. Mgeni rasmi ameahidi kukaa, na kura ya vikaratasi itapita kwake kama inavyopita kwa wengine. Hatujui atakuwa mwenzi wa nani. Tunamwomba tu asikonyeze.